Siku mami alificha rozari ndani ya ndege ya dada yangu injinia

Wakuu, salamu kutoka Nyeri, huku ambako baridi ya asubuhi bado inatuuma masikio.

Mimi ni msomaji hapa, huwa siandiki. Hii nimeiandika kidogo kidogo nikimaliza kazi za ng'ombe, kwa hivyo mkiona mahali nimeruka, ulizeni. Yote ni ukweli. Nimebadilisha majina tu, na kiwanja cha ndege sitakitaja kwa sababu dada yangu bado anafanya kazi huko.

Sisi ni watu wa Giakanja. Baba alituacha tukiwa wadogo, tukabaki watatu: mami, dada yangu mkubwa Wangechi, na mimi Kariuki. Mimi niliishia darasa la nane, nikabaki na ng'ombe na kahawa shambani. Sisikitiki, napenda ng'ombe. Wangechi ndiye aliendelea.

Wangechi ni injinia wa ndege.

Nikisema hivyo watu hudhani ni rubani, au ni wale wanaogawa soda huko juu. Hapana. Yeye ni wa chini. Ndege ikitua ikiwa na shida, yeye ndiye anaifungua, anatafuta shida iko wapi, anairekebisha, kisha anaifunga.

Alianza mapema. Mashine yetu ya kukata majani ya ng'ombe ilikuwa ikiharibika, mami anaita fundi, fundi akifika anakuta Wangechi ameshaifungua yote na kuipanga chini kwa gunia. Mwalimu wake wa fizikia akamwambia kuna shule za watu kama yeye. Akaenda Nairobi kusomea ndege, na alipomaliza akapata nafasi ya kujifunza kazi kwenye kiwanja kidogo upande wa Nanyuki. Huko kuna ndege ndogo zinazopeleka watalii mbugani, na wakati mwingine zinabeba wagonjwa.

Alikuwa mwanamke pekee kwenye hanga, lile banda la kutengenezea ndege. Mwanzo alikuwa anaosha matumbo ya ndege na kupitisha spana. Lakini ana mwili mdogo, basi kukiwa na kazi ndani ya mkia, mahali ambapo wanaume hawatoshei, wanamwingiza yeye. Anasema alisoma chuo mara mbili, Nairobi na ndani ya mkia.

Kuna mgeni aliwahi kuingia hanga akamkuta amevaa ovaroli, akamuuliza, "Madam, injinia ako wapi?"

"Ako hapa."

"Wapi? Simuoni."

"Yeye anakuona."

Hiyo alitusimulia nyumbani, nikacheka mpaka nikamwaga chai. Mami hakucheka.

Sasa niwaambie kuhusu mami, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi.

Mami ni Mkatoliki wa kutoka ndani. Rozari yake alipewa na mama yake akiolewa, na haijawahi kutoka shingoni ila akiishika kusali. Kazi ya Wangechi ilikuwa inamtia hofu ambayo hakuweza kuisema vizuri. Hakuogopa Wangechi ataumia. Aliogopa ndege itaanguka na watu ndani, kisha watu waulize, ni nani aliitengeneza?

Na soko letu, ambako mami huuza vitu vya shamba, mnalijua. Mwanamke mmoja anayeuza viazi karibu naye alipenda kumchokoza. "Mama Wangechi, ati mtoto wako anafunga ndege na spana? Sasa nati moja ikibaki nje, wewe utahamia wapi?" Wote wanacheka, mami pia anacheka. Akifika nyumbani hali chakula.

Hakuwahi kumwambia Wangechi aache. Lakini hakuwahi kumwambia aendelee. Siku Wangechi alipita mtihani wa leseni, alikuja nyumbani akikimbia kutoka barabarani. Mami alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Haya. Chai yako inapoa."

Wangechi alinifuata kwa ng'ombe. Akaniambia, "Kariuki, leseni nimepata. Lakini mpaka mami anibariki, naona kama nimeiba."

 Nilimpa ndoo anisaidie.

Basi mwaka huu akapewa ruhusa ya kutia sahihi. Niwaeleze hiyo maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Ndege ikimaliza service, lazima mtu mmoja aandike jina lake kwamba iko salama kuruka. Miaka hiyo yote Wangechi alikuwa anafanya kazi na mkubwa wake anatia sahihi. Huyo mkubwa ni Mzee Salim, Mwislamu wa Nyeri mjini, familia yao iko hapo tangu enzi za babu zake. Pale hanga wanamwita Chief.

Na Chief ana desturi yake. Ndege ikienda kujaribiwa angani baada ya service kubwa, injinia aliyetia sahihi lazima apande pamoja na rubani. Husema, "Kama huwezi kukaa ndani, usiandike jina lako."

Ndege ya kwanza ya Wangechi ilikuwa ndogo, nyeupe, na mstari wa kijani ubavuni. Siku aliyotia sahihi alituita tukaione. Test ilikuwa kesho yake asubuhi.

Nilidhani mami atakataa. Alivaa nguo ya kanisa, akafunga mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, kwenye sufuria kwa kitambaa, akaniuliza mbona nachelewa.

Wakuu, hanga ni safi kuliko meza yetu ya kulia. Kuna ubao mkubwa ukutani, na kila spana imechorewa umbo lake hapo. Ukiitoa unaona pengo. Niliuliza kwa nini.

"Jioni spana moja ikikosekana, hakuna mtu anaenda nyumbani na hakuna ndege inaruka," Wangechi akaniambia. "Chini ya sakafu ya ndege kuna nyaya zinazovuta mkia na mabawa. Kitu kidogo kikianguka huko kinaweza kujibana kwa waya. Rubani anavuta, ndege inakataa."

Nilisikia kila neno. Mami hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaiangalia ile ndege vile mtu huangalia fahali aliyeambiwa ni mpole.

Wangechi akamketisha kwenye kiti cha rubani, tukampiga picha. Alikaa kama yuko kwa ofisi ya askofu. Kisha Wangechi akanishika mkono, twende anionyeshe injini mbele. Mami akabaki peke yake ndani kwa muda kidogo.

Tukala mukimo na mafundi wote, tukarudi nyumbani.

Jioni tukikamua, mami alikuwa anaimba. Nilishangaa, nikamwambia leo ana furaha.

"Leo nitalala," akasema.

"Umechoka?"

"Hapana. Ile ndege sasa iko na mlinzi."

"Mlinzi gani?"

Akagusa shingo yake. Rozari haikuwako.

Mkono wangu ulisimama hapo hapo, hata ng'ombe akageuka kuniangalia.

"Mami, umeiweka wapi?"

"Kando ya kiti, kuna nafasi ndogo. Nimeisukuma ndani kabisa, ndio wasiione wakaitoa."

Nikamweleza yale niliyoambiwa kuhusu nyaya. Hakukubali.

"Rozari imewahi kuangusha nani?"

"Mami, kitu chochote..."

"Hiyo ni Mama Maria, Kariuki. Si spana."

"Mami, waya haujui ni Mama Maria."

 Nikaona uso wake unabadilika pole pole. Akashika nguzo ya zizi.

"Wangechi anapanda hiyo ndege kesho," akasema.

"Ndiyo."

Nikatoa simu. Akanishika mkono. "Ngoja. Ukipiga, watamfuta kazi. Ndege yake ya kwanza, na ni mamake ameiharibu. Mwambie yeye tu, aitoe kimya kimya."

Mimi simu huwa napokea, sipigi. Na ujumbe huandika pole pole sana. Lakini hii haikuwa ya kuandika. Nilisimama kwenye majani ya ng'ombe nikampigia, nikamwambia yote bila salamu.

Nikasikia anaweka spana chini.

"Kariuki. Anakumbuka ni upande gani wa kiti?"

"Hajaniambia."

"Kesho mapema mje wote wawili. Anionyeshe mwenyewe. Mwambie sijakasirika." Kisha akasema, "Umefanya vizuri kupiga."

Kabla hajakata nilimsikia anaita, "Chief! Chief, ngoja usiende!"

Hata dakika moja hakuificha. Mami aliponiuliza amesema nini, nilimwambia amesema hajakasirika. Ile ya Chief sikumwambia. Aliijua alipofika.

Asubuhi Chief alitungoja mlangoni. Mami aliinamisha kichwa, akaanza, "Baba Salim, nisamehe, mimi ni mtu wa shamba..."

"Mama, hapa hatujaita kesi," Chief akasema. "Hata mimi marehemu mama alikuwa ananishonea dua kwenye kola ya shati. Wewe tuonyeshe tu mkono ulifika wapi."

Mami akapanda, akaonyesha. Wakatoa kiti. Wakafungua sakafu. Wangechi akalala chini na tochi, na kitu cha kwanza alichotoa kilikuwa msalaba na kipande cha uzi.

Uzi ulikuwa umekatika. Shanga zilikuwa zimetawanyika kila mahali huko chini.

Fundi mmoja kijana akasema, "Injinia, basi leo tunasali mafumbo yote ya rozari," na hanga nzima ikacheka. Hata mami, kidogo.

Chief akamuuliza mami zilikuwa shanga ngapi.

"Hamsini na tisa."

"Una hakika?"

"Baba Salim, nimezishika tangu niolewe."

Mami akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakitandaza kwenye benchi. Wangechi akipata ushanga anaupitisha, mimi nampelekea mami, mami anaupanga mahali pake, makumi kwa makumi. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sijui alikuwa anahesabu au anasali. Nadhani siku hiyo vilikuwa kitu kimoja.

Kazi hiyo si ya haraka. Unafungua kifuniko kimoja, unamulika, unagusa kwa vidole, unafunga, unaenda kingine. Rubani alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, anatembea huku na huku. Kulikuwa na wageni wa kuchukuliwa mbugani kwa ndege hiyo, na mwenye kampuni alikuwa anapiga simu kila wakati.

Ikafika mahali kitambaa kilikuwa na hamsini na nane.

Hamsini na nane, wakuu, na sakafu yote imeshaangaliwa.

Rubani akainama akaongea na miguu ya Wangechi, maana ndiyo ilikuwa inaonekana. "Injinia, imebaki moja. Ni kitu kama buni ya kahawa!"

Sauti ikatoka ndani, "Buni inatosha."

"Inatosha kufanya nini?"

"Kukuua."

Rubani akaenda kusimama nje.

Simu ya mwenye kampuni ikalia tena. Chief akasikiliza, akasema, "Ndiyo. Bado. Ndiyo, naelewa," akaiweka mfukoni. Hakuna mtu alicheka tena. Mami alikuwa anaangalia ile nafasi moja tupu kwenye kitambaa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo huitumia akiwa na homa:

"Wangechi. Labda moja ilikuwa imetoka zamani. Sikumbuki vizuri."

Kila mtu akageuka. Rubani akarudi mlangoni. Kama ni hivyo, kazi imekwisha, wafunge, ndege iruke, na Wangechi aokoke.

Wangechi akatoka huko chini kinyumenyume. Nywele zilikuwa zimejaa vumbi. Akaja akapiga magoti mbele ya mami, si kwa kuomba, ni kwa sababu benchi lilikuwa chini.

"Mami, ni kweli, ama unanihurumia?"

Mami akaangalia kitambaa. Akaangalia Chief. Akaangalia mtoto wake.

"Nakuhurumia."

"Haya," Wangechi akasema. Akamfuta mami kitu shavuni na mgongo wa mkono, akaacha alama nyeusi hapo. "Basi wacha nirudi."

Chief akasema, "Leteni tochi ingine."

Waliupata nyuma kabisa, kwenye njia ya kuelekea mkia. Ulikuwa umeshikwa na grisi kando ya gurudumu dogo ambalo waya wa mkia unapitia. Kabla ya kuutoa, Wangechi alimwita mami. Akamshikia kioo kidogo chenye mkono mrefu, akamwonyesha, akamwomba fundi avute usukani kidogo tu. Waya ukatembea, ukaja ukausukuma ule ushanga, ukasimama.

Mami aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kikuyu, "Kumbe hii ndiyo kazi yako."

"Ndiyo hii, mami."

Sasa msidhani iliishia hapo vizuri. Wageni walichukuliwa na ndege nyingine, na mwenye kampuni alikasirika. Chief alimwambia Wangechi mbele yetu, "Sahihi ya jana imekufa. Utaikagua yote upya kama hujawahi kuiona." Na ripoti aliandika Wangechi mwenyewe, akaanza na kosa lake, kwamba alimwacha mgeni peke yake ndani ya ndege. Jina la mami hakuliandika.

Alisimamishwa kutia sahihi mpaka wakubwa wakae kikao. Nyumbani tulingoja. Mami aliacha kwenda soko, akawa anang'oa magugu mahali hakuna magugu. Siku moja nilimkuta amekaa shambani, akaniambia, "Mimi nilitaka kumlinda. Nimemtupa."

Nikamwambia hajamtupa. Sikuwa na hakika.

Wakubwa walipokaa walitaka kumrudisha kupitisha spana. Chief ndiye aliongea, na maneno yake tulikuja kuambiwa na yule fundi kijana. Alisema, "Wa kufunga ndege nitapata wengi. Wa kufungua ile ameifunga mwenyewe, watu wote wakimwangalia, nimempata huyu mmoja. Mkimtoa, mtafute na chief mwingine."

Wakamwacha.

Wangechi akakagua ndege ile ile upya na akatia sahihi upya. Akapiga simu nyumbani kusema test ni kesho. Mami akaninyang'anya simu. "Naweza kuja?"

Tukaenda. Getini mami alijisimamisha mwenyewe mbele ya askari, akageuza mifuko yote ya koti nje. "Angalia vizuri. Sina kitu." Askari hata hakuwa amemuuliza.

Wangechi alikuwa ametoka kuangalia injini mara ya mwisho. Akaja kwetu, mikono imejaa oili, anatafuta kitambaa.

"Mami, ngoja ninawe kwanza."

"Wacha."

Mami akamshika mikono yote miwili, akaifungua viganja vikaangalia juu. Wale mnaotoka huku mnajua wazee wetu hubariki namna gani. Akatema mate kidogo kwenye kiganja cha kulia, kidogo kwenye cha kushoto, juu ya oili hivyo hivyo.

"Ngai akae na wewe ukifunga," akasema, yaani Mungu. "Na ukifungua."

Kisha akasema neno ambalo miaka hiyo yote hakuwa amewahi kulisema.

"Enda kazi."

 Wangechi alikunja ngumi zote mbili, kama mtu aliyepewa kitu cha kubeba, akatembea hivyo mpaka kwenye ndege. Rubani alilazimika kumfungulia mlango.

Chief alikuwa amesimama karibu nami. Akasema pole pole, "Hiyo haitaanguka chini ya sakafu."

Wakuu, funzo langu si kubwa. Mzazi akikuogopea, mapenzi yake yatatafuta mahali pa kuingia, na asipoonyeshwa mlango atayasukuma kwenye ufa wowote. Usimfokee. Mchukue mkono, mwonyeshe kazi yako iko hivi, na hapa ndipo unaweza kuweka baraka yako. Na wewe unayejua jambo la hatari, hata kama huna sauti, piga simu.

Sasa nataka kusikia kwenu, hasa akina dada mnaofanya kazi ambazo nyumbani hazieleweki. Mama zenu mliwafikishaje hadi wakakubali?

Tafadhali andikeni kwa adabu. Mami ameniambia nimsomee majibu yote tukimaliza kukamua, na akisema yote ni yote.